Ncha Themanini na Nane

Pale karakana jina langu ni Maktaba. Si jina la heshima. Aliyenibandika ni mwenzangu wa kazi, ambaye tunamwita Kimya kwa sababu tangu tumfahamu hajawahi kunyamaza. Siku moja alinikuta nimekaa juu ya ndoo, mkate mkono mmoja, simu mkono wa pili, daftari gotini, kalamu mbili za rangi mdomoni, akapaza sauti, "Jamani, maktaba imefunguliwa!" Ikaishia hapo. Hata wateja sasa wakifika wanauliza, "Maktaba yupo?"

Sijali. Au tuseme najali kidogo. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka tu kukaa. Mimi miguu yangu haijui kukaa. Nilipofika ishirini na mbili ndipo aibu ikaanza. Watu wanaongea jambo, mimi nacheka wanapocheka wao, halafu nikifika nyumbani natafuta kwenye simu walikuwa wanacheka nini. Nikaona hapana. Nitajisomesha mwenyewe. Miaka yote niliyoikimbia nitaifidia, na nitaifidia haraka.

Basi nikaanza kuhifadhi masomo. Kuamka saa kumi alfajiri. Kumaliza kitabu kwa siku moja. Kifaransa. Kupumua, maana kumbe kuna somo la kupumua, na nililisikiliza mara mbili. Jinsi ya kukumbuka kila unachosoma, ambalo sikumbuki lilisema nini. Mpaka wiki ninayotaka kuisimulia nilikuwa na video mia sita na kumi na tatu kwenye simu na madaftari tisa chini ya kitanda. Kati ya hizo video, mia na kitu zilikuwa za mota peke yake, yaani za kazi yangu.

Na ukweli niuseme mapema tusipotezeane muda: kila nikihifadhi somo nilijisikia kama nimeshiba. Kumbe nilikuwa napanga sahani mezani, chakula hakuna.

Kazi yetu ni kusuka mota. Mota ya pampu, ya kinu, ya msumeno, ikiungua inaletwa kwetu. Ndani ya tumbo lake kuna mifereji, na kwenye mifereji kuna koili za waya wa shaba. Unazitoa zilizoungua, unasuka mpya, mzunguko baada ya mzunguko, unazilaza kwenye mifereji moja moja kama mtoto usiyetaka aamke. Ukikosea hesabu ya mizunguko, mota inakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Atatembea, lakini hafiki mbali.

Mwenye karakana ni Bi Mota. Zamani kile chumba cha karakana kilikuwa cha marehemu mumewe, fundi viatu. Mume alipofariki, Bi Mota akatoa viatu, akaweka meza ya kusukia. Watu wakacheka. Halafu pampu zao zikaungua, wakaacha kucheka. Kitu pekee alichobakiza cha mumewe ni bunda kubwa la uzi mwekundu wa kushonea viatu, ule uliopakwa nta. Mpaka leo, kila mota anayosuka, vichwa vya koili, yaani pale waya unapojikunja nje ya mfereji, anavifunga kwa uzi huo. Ukifungua mota popote mjini ukaona wekundu ndani, ujue alipita Bi Mota.

Mkono wake ni wa ajabu. Ila kueleza, sifuri. Ukimuuliza "kwa nini?" anakwambia, "Angalia." Ukiangalia ukajaribu, anakwambia, "Siyo hivyo." Ukimuuliza basi ni vipi, anakwambia, "Si ndiyo uangalie." Ndiyo maana nilikimbilia kwenye simu. Kule watu wanaeleza mpaka wanatoka jasho.

Sasa macho yake yote mawili yalikuwa yameota mtoto wa jicho. Akitia uzi kwenye sindano anaifuata kwa kidole, haioni. Hospitali wakampa siku ya upasuaji: Jumatatu. Baada ya hapo wiki tatu asiiname, asiguse vumbi. Na kuna shemeji yake, mdogo wa marehemu, ana duka la saruji barabarani na anahesabu kila siku mlango wetu unapofungwa. Chumba ni cha familia, yeye anasema, kikikaa bure ataweka mifuko yake. Saruji ikishaingia mahali, jamani, nani ataitoa?

Jumanne mwokaji wa mtaa wa nyuma akaleta mota ya mashine ya kukandia unga. Aliibeba na wanawe wawili, wote weupe wa unga mpaka viwiko.

"Tunakanda kwa mikono toka jana," akasema. "Mama, mgongo huu si wangu tena, ni wa mtu mwingine."

Bi Mota akaipapasa ile mota, akaigonga kwa ukucha, akageukia upande wangu.

"Maktaba. Hii yako."

"Yangu vipi?"

"Peke yako. Mimi sigusi, sisemi. Shemeji anakuja Jumamosi saa kumi na moja jioni kuchukua ufunguo. Akiikuta mota inazunguka, ufunguo unabaki na wewe wiki tatu. Akiikuta imelala, nampa yeye."

"Na mimi, Bi Mota?" akauliza Kimya. Kimya ni mtu wa beringi na kuchomelea. Waya hataki hata kuutazama, anasema unamtia kizunguzungu.

"Wewe utabeba saruji."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Miaka mitatu nilikuwa nasuka feni na vitu vidogo. Mota ya namna hii, ya nyaya tatu za umeme, koili kumi na nane, sikuwahi kuachiwa. Nikajisemea, video mia na kitu zitashindwaje?

Jumatano asubuhi nikaegemeza simu kwenye kopo la vanishi, nikaanza. Video ya kwanza mwalimu ni mzee mwenye mapengo, anaongea polepole utafikiri analipwa kwa dakika. Nikaruka. Ya pili kijana, anaongea vizuri, mikono safi. Akasema ile kazi ya kuhesabu waya za zamani ni ya kizamani, siku hizi unapima chuma cha mota, unaingiza vipimo kwenye kikokotoo, kinakupa idadi ya mizunguko yenyewe. Nikapenda. Nikachukua patasi, nikakata vichwa vya koili upande mmoja, nikapasha moto mota, nikavuta mabaki upande wa pili kwa koleo. Shaba yote nikaitia kwenye gunia la takataka za waya. Mchana ukapita mkokoteni wa Bwana Chuma, mnunuzi wa vyuma chakavu, kama kila Jumatano, na Kimya akampa gunia kama kila Jumatano.

Kikokotoo kikasema mizunguko thelathini na sita kwa kila koili. Nikataka kuhakikisha, nikafungua kingine. Arobaini na moja. Cha tatu, hamsini na mbili. Nikatazama video nne zaidi, kila mwalimu ana lake, na kila mmoja anawaonya watu wasimsikilize mwenzake. Mpaka saa kumi kichwa kilikuwa kinaunguruma kuliko mota yoyote. Nikachagua thelathini na sita. Unajua kwa nini? Yule kijana alikuwa na karakana safi. Basi. Hiyo ndiyo sababu.

Alhamisi nzima nikasuka. Ijumaa saa sita mchana nikaunganisha umeme, nikabana mita kwenye waya, nikawasha.

Ilizunguka. Nataka ijulikane kwamba ilizunguka. Lakini ilizunguka huku inanguruma kama ng'ombe mwenye tumbo, na mshale wa mita ukapanda mpaka karibu mara mbili ya umeme ulioandikwa kwenye kibati cha mota. Nikaweka kiganja juu yake, nikakitoa haraka. Harufu ikafuata. Nikazima.

Bi Mota alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, ametugeuzia mgongo. Hakuhitaji macho.

"Ya zamani ilikuwa na mizunguko mingapi?"

Nikajifanya nafungua mita.

"Nakuuliza wewe."

"Sikuhesabu."

"Hukuhesabu." Akageuka na kiti chake. "Umewauliza madaktari wote wa dunia. Mgonjwa mwenyewe ukamzika bila kumuuliza anaumwa wapi."

Kimya akacheka. Nikaona damu imenipanda.

"Ungenifundisha!" nikasema. "Miaka mitatu nipo hapa, umenieleza nini? Angalia, angalia! Naangalia nini? Wale wa kwenye simu angalau wanasema!"

Hata Kimya alinyamaza, siku yake ya kwanza. Bi Mota akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa tena, kana kwamba itamsaidia.

"Mimi sijui kueleza, mwanangu," akasema. "Hakuna aliyenieleza. Nilikuwa nafungua mota iliyokufa, nahesabu, naisuka ilivyokuwa. Ndilo darasa langu. Hilo tu."

Halafu akageuza kiti tena kuelekea barabarani. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Nikatoka nje, nikazunguka karakana mara mbili. Nilikuwa na mambo mawili. Naweza kujaribu arobaini na moja, ikiungua nijaribu hamsini na mbili, mpaka waya uishe dukani na Jumamosi iishe. Au nikamuulize mgonjwa. Mgonjwa yuko kwa Bwana Chuma.

"Kimya!" nikaita. "Gunia la Jumatano lilikuwa na alama gani?"

"Gunia ni gunia, Maktaba. Lilikuwa na tundu."

Nilikwenda mbio. Uwanja wa Bwana Chuma uko nyuma ya gereji za malori, umezungushiwa mabati. Yeye mwenyewe ni mfupi, mnene, ana kofia ya kiwandani asiyoivua hata akila. Nikamweleza. Akanitazama kama nimekuja kutafuta nywele zangu nilizonyolewa mwaka jana.

"Shaba ya Jumatano iko pale," akasema, akaonyesha rundo linalonifika kifuani. "Na ya Jumanne, na ya Alhamisi. Lori linakuja saa kumi na moja kubeba."

"Nichambue?"

"Chambua. Ila ukitoka, nataka shaba iwe kwake, aluminiamu kwake, na vyuma kwake. Sifanyi kazi ya hisani hapa."

Ilikuwa saa saba. Nikapiga magoti.

Sasa sikiliza nilivyo mjinga. Dakika tano za kwanza nikaona beringi, nzima kabisa, inazunguka kama mpya. Nikaitia mfukoni. Nikaona kapasita. Mfukoni. Nikaona kipande cha mita, kioo hakijapasuka, nikasema huyu nitamtengeneza siku moja. Nikaona kitabu cha maelekezo cha jenereta, nusu yake, nikakifungua, nikaanza kusoma! Nimepiga magoti juu ya shaba, lori linakuja, mota ya mwokaji imelala, na mimi nasoma jinsi ya kubadilisha oili ya jenereta nisilokuwa nalo.

"Kijana," akasema Bwana Chuma kutoka kivulini, "ulisema unatafuta nini vile?"

Nikainuka. Nikajitazama. Suruali imening'inia kwa uzito wa mifuko. Nikaona aibu ambayo hata walimu wangu wa shule hawakuwahi kunipa. Hivi ndivyo nilivyo, nikajisemea. Hivi hivi, kila siku, na simu mkononi. Naingia kutafuta kitu kimoja, natoka na mifuko imejaa na kitu chenyewe sina.

Nikatoa vyote. Beringi iliniuma, nitakuwa mkweli. Nikaviweka kwenye rundo la vyuma, nikasema kwa sauti, "Uzi mwekundu." Kila nilipoona kitu kizuri nikasema tena, "Uzi mwekundu." Bwana Chuma akadhani jua limenipata.

Saa tisa na nusu niliuona. Si uzi hasa, kijipande tu, urefu wa kidole, kimejaa masizi, lakini nta ilikuwa imeukinga. Ulikuwa umefunga kichwa cha koili, ule upande niliokata kwa patasi kabla ya moto. Bi Mota aliwahi kuisuka mota hii, miaka mingi iliyopita, na mimi niliikata kazi yake bila kuitazama. Nikachimba pale pale, nikapata vichwa vingine vinne. Nikambana Bwana Chuma aniachie.

"Umechambua vizuri," akasema, akitazama marundo yangu matatu. "Beringi ile pia chukua, ulikuwa unaitazama kama mchumba."

"Hapana, asante. Leo sikuja kwa ajili yake."

Nilihesabia pale pale, nimekaa juu ya tairi. Koili iliyokatwa inaonyesha ncha za waya kama ufagio ulionyolewa. Kila ncha ni waya mmoja uliopita kwenye mfereji. Nikahesabu kwa kusukuma ncha moja moja kwa msumari. Themanini na nane. Nikarudia. Themanini na nane. Koili ya pili, themanini na nane. Nilitaka kumkumbatia Bwana Chuma, kofia na yote.

Nikarudi karakana, nikatoa kazi yangu ya Alhamisi yote nje. Kimya akanisaidia kuvuta, akilalamika kwa kila koili kana kwamba ni jino lake. Nikafunga kalibu ya mbao kwenye mkono wa kuzungushia, nikapima unene wa waya wa zamani, nikachukua ule ule, nikaanza. Moja, mbili, tatu. Bi Mota alikuwa amekwenda nyumbani kupanga nguo za hospitali.

Nilipomaliza koili ya pili, saa kumi na mbili hivi, akaja dada yangu kuniletea chakula. Tunaishi wote, vyumba viwili, yeye ni msusi wa nywele. Ameshika vichwa vya watu toka asubuhi na bado ana nguvu za kunisema.

"Hujala, hujaoga, na simu yako haipokelewi. Niliogopa umekufa au umejifunza Kichina."

"Dada, niache, nahesabu."

Akakaa kwenye ndoo yangu, akachukua kile kichwa cha koili cha zamani mezani, akakigeuza geuza. Yeye kitu chochote chenye nyuzi lazima akishike.

"Mbona huyu amesuka kwa nywele mbili mbili?"

"Nini?"

"Hapa mwishoni." Akanionyesha pale waya unapotoka kwenye koili kwenda kwenye nyingine, ndani ya soksi yake nyembamba ya kuukinga. Akaivuta soksi kwa ukucha. Zilikuwa waya mbili, zimenyongwa pamoja. "Mtu akiwa na nywele nyembamba ndivyo tunavyofanya. Unashika mbili unazihesabu moja."

Nikaacha mkono wa kuzungushia. Nikashika koili ya pili ya zamani, nikavuta soksi. Mbili. Ya tatu. Mbili.

Kuna kitu nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimewahi kukisikia, mahali fulani, kati ya Kifaransa na kupumua.

"Dada, chini ya kitanda changu kuna madaftari tisa."

"Siendi."

"Dada yangu."

"Nimesimama toka saa mbili asubuhi!"

"Nitaosha vyombo mwezi mzima."

"Miezi miwili," akasema, tayari yuko mlangoni.

Akayaleta ndani ya beseni. Nikayasambaza sakafuni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kujisomesha ninafungua daftari kutafuta kitu. Siku zote nilikuwa nafungua ili niandike. Kimya naye akachukua moja akaanza kusoma kwa sauti, "'Mtu aliyefanikiwa hunywa maji ya uvuguvugu.' Maktaba, hii nayo uliipigia mstari?"

"Geuza, geuza! Waya mbili, tafuta waya mbili!"

Lilikuwa daftari la nne. Kalamu ya kijani, na nyota tatu pembeni. *Fundi akikosa waya mnene hutumia nyembamba mbili kwa pamoja. Ukihesabu ncha, gawa kwa mbili.* Mwandiko wangu. Chini yake nimeandika ni nani aliyesema: mzee wa mapengo. Yule niliyemruka Jumatano.

Nilikaa nikaitazama ile sentensi. Nyota tatu! Nilikuwa nimeipa nyota tatu na sikuwa naijua.

Mizunguko arobaini na nne, waya mbili kwa pamoja. Si themanini na nane. Ningesuka themanini na nane mota ingezunguka kwa unyonge, na unga ungeisimamisha siku ya kwanza.

"Sasa?" akauliza dada.

"Sasa nazivunja hizi mbili naanza upya."

"Na simu?"

Ilikuwa inawaka mezani, imeniletea masomo manne mapya kuhusu mota. Nikaizima, nikaitia kwenye beseni, nikaweka madaftari juu yake, nikampa aende nalo nyumbani tukifunga. Si kwamba nimeichukia. Ilikuwa imeshanijibu swali langu, na sikuwa na swali jingine.

Dada akanishikia rola mbili za waya zisipishane, nikasuka koili sita kabla hatujafunga. Bi Mota alikuwa ametuachia ufunguo, na Jumamosi nikafungua saa kumi na mbili alfajiri, bila mtu kunifundisha kuamka. Koili kumi na mbili zilizobaki zikaisha saa tatu. Halafu kuzilaza kwenye mifereji, kazi ambayo haina haraka, vidole vinachubuka, karatasi ya kukinga inachanika unaweka nyingine. Kimya alikata karatasi na kuongea, akaongea na kukata karatasi. Bi Mota alikuja saa tano, akachukua ufunguo wake, akakaa mlangoni, ametugeuzia mgongo. Hakugusa, hakusema. Mara moja tu, nilipokuwa nagonga kijiti cha kufungia mfereji, akasema kuelekea barabarani, kama anamwambia mpita njia, "Anagonga kwa hasira." Nikapunguza.

Saa kumi na dakika kumi nikafunga vichwa vya koili. Nikatazama bunda la uzi mwekundu rafuni. Sikuomba. Nikauchukua, nikafunga nao.

Shemeji alifika kabla ya muda, kama watu wanaokuja kuchukua kitu. Shati safi, funguo za gari kidoleni, macho yanapima ukuta mpaka ukuta. "Mifuko mia mbili itaingia hapa," akamwambia Bi Mota, kama anampa habari njema.

"Subiri kidogo, shemeji. Kijana anataka kuwasha kitu."

Nikabana mita. Nikawasha.

Mota ikavuta pumzi, ikakimbia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kuteleza, mpaka shemeji akauliza, "Imewaka?" Mshale wa mita ukapanda, ukashuka, ukakaa pale pale panaposemwa na kibati. Nikaweka kiganja. Nikakiacha. Dakika kumi, kiganja kiko pale pale, na mota vuguvugu tu. Kimya hakusema neno, mara ya pili kwenye wiki moja, mpaka nikamwonea huruma.

Bi Mota akaja kwa kupapasa meza. Akaniambia nizime. Akaingiza vidole ndani ya tumbo la mota, akagusa koili, mfereji, akafika kwenye uzi. Akauvuta kidogo kupima fundo.

"Mizunguko mingapi?"

"Arobaini na nne. Waya mbili kwa pamoja."

"Ulijuaje mbili?"

"Niliangalia," nikasema. Halafu nikaona si kweli yote. "Dada aliangalia. Mimi nilikuwa nimeandika, nikasahau."

Akacheka kwa pua. "Mwaka ule waya mnene ulikosekana mji mzima," akasema. "Nililia."

Kisha akamgeukia shemeji. "Saruji yako ipate mvua kidogo, shemeji. Ufunguo hautoki hapa." Akaufungua kwenye kamba ya kiunoni, akautafuta mkono wangu hewani, nikausogeza mkono wangu uupate. Shemeji alisema mambo mengi. Kimya, aliyekuwa na deni kubwa la maneno, akamsindikiza mpaka kwenye gari akimjibu yote.

Jumapili tulipaka vanishi, ikakauka juani, jioni mwokaji akaibeba na wanawe. Jumatatu alfajiri dada alimpeleka Bi Mota hospitali, kwa sababu mimi nilikuwa na mlango wa kufungua.

Nimefuta video nyingi lakini si zote. Mzee wa mapengo nimemwacha, na wengine wachache. Kilichobadilika ni kipande cha karatasi nilichogundisha juu ya meza yangu, chenye nafasi ya swali moja. Swali likijibiwa kwa mkono, si kwa kutazama, nalifuta naandika jingine. Mara nyingine linakaa hapo siku nne na mimi nawashwa miguu yote miwili. Linakaa hapo hapo. Kifaransa kitanisubiri kama kinanitaka.

Saa tatu ile Jumatatu mama mmoja akaleta pampu ya kisima, imeungua nyeusi. "Bi Mota yupo?" "Atarudi. Nipo mimi." Akaniangalia juu mpaka chini, akaiacha, labda kwa sababu ilikuwa nzito kurudi nayo.

Nikaifungua. Nikachora koili zilivyolala. Nikakata kichwa cha kwanza, nikakiweka juu ya meza, nikachukua msumari. Mfukoni simu ikatetemeka, najua sauti ile, kuna somo jipya limekuja kwa ajili yangu.

Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Ikatetemeka tena.

Thelathini na tatu.